Wapiga Hodi wa Nchi ya Barazani

Mimi si mtu wa safari. Tangu mume wangu alale, huu ukiwa mwaka wa tisa, njia zangu ni shambani, kisimani, kanisani na kwa wagonjwa. Shule niliishia darasa la saba. Kwa hiyo mkiniuliza nilifikaje nchi ya Barazani, sitawatungia njia. Nilikuwa nimepiga magoti kando ya kitanda. Nilipoinuka, nilikuwa huko. Niliyoyaona nitayasema kama mtu anayetoa taarifa ya msiba: nani alikuwepo, alisema nini, na mwisho ikawaje.

Nchi yenyewe ni nyumba moja. Ni nyumba kubwa hata ukisimama pembeni huoni ukuta unakoishia. Imepakwa chokaa, na kuizunguka kuna baraza pana lenye paa na nguzo. Wananchi wote wanaishi juu ya hilo baraza. Hapo wanazaliwa, hapo wanaoana, hapo wanazeekea. Mikeka yao imepangwa ukutani kama vitabu vya shule. Ndani ya nyumba hakuna hata mmoja aliyewahi kuingia. Mbele ya baraza kuna uwanja, na mwisho wa uwanja kuna wigo wa miiba. Ng'ambo ya wigo sikuona kitu isipokuwa ukungu, na ndani ya ukungu kulikuwa na kitu kinakwaruza, kinaacha, kinakwaruza tena.

Ukimwuliza mtu yeyote pale, "Ndugu, wewe ni nani?" atajibu bila kusita, "Mimi ni mtoto wa nyumba hii." Analisema kwa fahari. Kisha anageukia mlango, anavuta pumzi, anaita, "Hodi!"

Hiyo ndiyo kazi yao. Jua likichomoza wanaanza, na hawaachi mpaka giza liingie. Kuna hodi ya kuimba, ina kiitikio. Kuna hodi ya machozi. Kuna hodi ya watu waliofunga, hiyo hutolewa taratibu, mkono ukiwa tumboni. Watoto wadogo hufundishwa kusema hodi kabla ya kufundishwa kusema maji. Mlango uko pale pale mbele yao, wa mti mweusi, na hakuna anayeugusa.

Nilipokelewa na msimamizi wa mlango, Bwana Hadhari. Mtu mwembamba, nadhifu, mpole wa kusema. Alikuwa na meza, daftari na kalamu, na juu ya meza yake, kwenye dari, ulitundikwa unyoya mmoja mweupe wa kuku kwa uzi mwembamba.

"Jina lako, mama?"

"Mama Naetwe."

"Huyo Naetwe ni mwanao?"

"Ni mwanangu."

"Wa kumzaa?"

"Wa kumlea. Mama yake alifariki. Nilimchukua akiwa na miaka sita."

"Kumbe si mama yake."

"Yeye ananiita mama."

"Kuitwa ni kitu kimoja," akasema kwa upole ule ule. "Mnafanana?"

"Wapi! Yeye mrefu, mimi ndiyo hivi unavyoniona."

Akaandika, akisema kwa sauti anachoandika: "Mgeni. Umama wake hauna uthibitisho."

Maneno hayo niliwahi kuyasikia. Tulipomaliza matanga ya mume wangu, shemeji yangu alisimama katika kikao cha ukoo akauliza mbele ya watu: mwanamke asiyezaa, na mtoto wa kulea, wanakaa katika boma hili kwa haki gani?

"Una siku tatu," Bwana Hadhari akasema. "Mgeni hukaa siku tatu bila kupiga hodi. Ya nne, ama unapanga foleni pamoja na wenzako, ama..." Akaelekeza kalamu kule kwenye wigo, akafunika daftari.

Nikapewa nafasi kwenye mkeka wa bibi mmoja aitwaye Sikudhani. Alikuwa na miaka kama sabini na minne, mikono mikavu, macho ya kucheka.

"Karibu, mwanamke mwenzangu," akaniambia. "Usikae upande huo, mvua ikinyesha unavuja. Kaa huku. Na usinicheke ninavyoongea, sauti yangu imenikimbia na mimi siku hizi siwezi kuifukuzia."

Kweli sauti yake ilikuwa imekauka. Ilikuwa kama majani ya mahindi yanayosuguana.

Mkeka wa pili alikaa Mama Sihaba, mwanamke mnene mwenye kifua cha kwaya. Yeye ndiye aliyekuwa akiongoza hodi ya kuimba. Akatugeukia. "Sikudhani, mgeni asije akadhani hodi yako imekuwa hivyo tangu zamani. Siku hizi ni hodi ya panya kwenye gunia."

"Na yako ni ya ng'ombe waliyemsahau kumkamua," Bibi Sikudhani akajibu.

Mkeka mzima ukacheka, na Mama Sihaba akacheka kuliko wote. Lakini watu walipogeuka nilimwona akisogeza kipande cha tangawizi chini ya goti la bibi, bila kumtazama. Hapo nikajua kuna jambo.

"Kuna nini?" nikamwuliza bibi.

"Keshokutwa ni mtihani wangu. Umeuona ule unyoya? Unasimama hatua tatu kutoka pale, unapiga hodi mara tatu. Unyoya ukitikisika, unarudi mkekani. Usipotikisika..." Akatazama wigo. "Mtoto wa nyumba hii lazima awe na hodi, Mama Naetwe. Asiye na hodi ataonyesha nini?"

"Wanaotolewa hurudi?"

"Mimi nina miaka hamsini na sita napiga hodi hapa tangu niwe mtu mzima, na sijaona."

Saa sita mchana madirisha yalifunguliwa. Zikatoka sahani: wali, maharage, mchicha, kila mtu na sahani yake. Zilipitishwa na mkono kutoka ndani, mkono mmoja wa mtu. Watu walipokea huku wakichungulia sahani ya jirani kama imejazwa zaidi. Mimi nimezoea kutazama mikono, maana kwa wagonjwa mkono husema kabla ya mdomo. Nikautazama ule. Katikati ya kiganja ulikuwa na kovu kubwa, la zamani, lililopona.

Watu wakaanza kula. Ilikuwa mara ya kwanza tangu asubuhi baraza zima kunyamaza. Na katika ukimya ule wa kutafuna nikasikia kutoka ndani, sauti ya mtu asiye na haraka:

"Karibu, mwanangu."

Nikatazama huku na huku. Hakuna aliyeinua uso.

"Bibi, umesikia?"

"Nini?"

"Kuna mtu amesema karibu."

Bwana Hadhari alikuwa akila karibu nasi. Akafuta mdomo. "Wageni wote huuliza hivyo. Ni mwangwi. Kamati ilikaa miaka kumi na mmoja ikalichunguza jambo hilo, ikaamua ni mwangwi wa hodi zetu wenyewe."

"Lakini hodi ikirudi, si irudi hodi? Mbona hii imerudi karibu?"

"Mwangwi wa nyumba hii una tabia yake," akasema, akaomba maji.

Alasiri nilikwenda kuisikiliza kamati, kwa sababu nilitaka kujua kama kuna huruma yoyote kwa mtu kama Bibi Sikudhani. Walikuwa kumi na wawili kwenye benchi. Hoja yao ilikuwa hii: aliyezaliwa bubu, je, ni mtoto wa nyumba hii? Walikuwa wakiijadili kwa mwaka wa tisa sasa. Upande mmoja ulisema anaweza kuwa, ila jamaa yake apige hodi mbili, yake na ya bubu. Upande wa pili ukasema hodi haiazimwi. Mzee mmoja akataka ijulikane kwanza kama kugonga kwa mkono ni hodi au ni kelele. Wakaahirisha.

"Na hao mabubu wenyewe wako wapi?" nikauliza.

"Nje ya wigo," karani akanijibu. "Kwa muda tu, mpaka kamati iamue."

Nilirudi mkekani. Bibi Sikudhani alikuwa akitafuna tangawizi na kujaribu sauti chinichini, "Ho... ho..." kama mtu anayewasha moto wa kuni mbichi.

"Bibi," nikamwambia, "Mwenye Nyumba hamjawahi kumwona kabisa?"

Akatema tangawizi. "Yeye hapana. Lakini Mwana wake alitoka. Mama yangu alihadithiwa na mama yake. Alitoka kwenye mlango huo, akakaa na watu mikekani, akala nao. Akasema, 'Hodi za nini? Anayenipokea mimi, Baba yangu ni Baba yake, na nyumba hii ni kwao. Niaminini, ingieni.' Wasimamizi wakaona anavunja utaratibu. Wakampeleka nje ya wigo. Akafia huko."

"Halafu?"

"Siku ya tatu watu wakasikia komeo la mlango likikatika, paa! Tangu siku hiyo chakula kinatoka madirishani."

"Na ninyi mnayaamini hayo?"

"Kwa moyo wote!" Akashtuka kama nimemtukana. "Kila mwaka tunaikumbuka siku hiyo. Tunapiga hodi siku saba bila kulala, kwa heshima yake."

Sikucheka. Mngekuwa mimi nanyi msingecheka. Nilijifikiria nyumbani kwangu, nilivyokuwa nikipiga magoti kila alfajiri na kuanza kujieleza: nimehudhuria, nimefagia kanisa, nimewaona wagonjwa watatu, usinikatae. Miaka yote hiyo nilidhani ni maombi.

Siku ya pili niliamka mapema nikaenda kuutazama mlango. Sikuugusa, niliogopa. Lakini mwanamke aliyelinda nyumba peke yake miaka tisa anajua milango. Kwenye fremu palikuwa na pazia dogo jekundu limepigiwa misumari. Nikalifunua upande. Nyuma yake kulikuwa na vipande vya komeo lililovunjika, na kutu yake ilikuwa ya miaka mingi. Hapakuwa na kufuli. Bawaba zilikuwa zimepakwa mafuta mabichi, yanang'aa. Na chini, kwa ndani, kupitia ufa, niliona vidole vya miguu ya mtu. Alikuwa amesimama pale, nyuma ya mlango, kama mzazi anayemngoja mtoto aliyechelewa kutoka shule.

Nikaruka nyuma. Bwana Hadhari alikuwa nyuma yangu.

"Mlango huu haujafungwa," nikasema.

"Tunajua, mama."

"Mnajua?"

"Wasimamizi wote wanajua. Tatizo si komeo." Akarudisha pazia mahali pake kwa uangalifu, kama anamfunika mtoto. "Fikiri. Mlango ukiwa wazi kwa kila mtu, ataingia mwenye hodi nzuri na asiye nayo. Ataingia aliyeanza jana sawa na aliyekesha miaka hamsini. Mimi nilianza hodi nikiwa na miaka mitatu. Unataka kuniambia zilikuwa za nini?"

Kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma. Naye alikuwa akilala barazani.

"Nenda basi ukaone," nikamwambia. "Sukuma."

"Na kama si mimi anayeitwa?" akasema. Kisha akakumbuka cheo chake, akakohoa. "Mgeni haruhusiwi kugusa pazia. Nimeandika."

Nilikwenda kwa bibi moja kwa moja nikamweleza yote: komeo, bawaba, vidole vya miguu. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono imekunjwa.

"Usinitie tamaa, Mama Naetwe," akasema. "Mimi ni mtu mchafu wa moyo. Zamani niliwahi kumsingizia dada yangu jambo, akatolewa nje ya wigo. Kila hodi ninayopiga, nampigia na yeye. Nikiingia bila kukaribishwa, nikamkuta huyo aliyesimama hapo, nitamwambia mimi ni nani?"

Sikuwa na maneno ya mwinjilisti. Nilikuwa na Naetwe tu. Nikamsimulia.

Naetwe alipokuja kwangu alikuja na kikapu kimoja na kikohozi. Miezi saba alikaa nyumbani mwangu kama mgeni. Asubuhi, kabla sijaamka, ameshafagia uwanja. Akipewa ndizi mbili, moja anaificha chini ya godoro, iwe akiba siku nitakapomfukuza. Na kila alipotaka kuingia jikoni, pale pale alikokula na karibu na alikolala, alisimama nje ya mlango na kusema, "Hodi." Nilimwambia, mwanangu, hapa ni kwenu, mtoto wa nyumbani hapigi hodi. Akaitikia ndiyo, mama mdogo. Kesho yake, hodi. Mume wangu akaniambia mwache, siku moja ataacha. Mimi niliumia. Nilikwenda kulia bandani kwa mbuzi.

Basi siku moja, mimi ndiyo kwanza nimemaliza kusiriba sakafu ya jikoni, bado mbichi, nyuki walimvamia kwenye mihogo. Alikuja mbio na matope mpaka magotini, akapita mlangoni bila hodi, akakanyaga sakafu yangu yote, akanirukia shingoni. Akasema neno moja tu: "Mama!"

"Ulimpiga kwa ajili ya sakafu?" Bibi Sikudhani akauliza.

"Bibi, nyayo zile sikuzifuta wiki mbili."

Akainamisha uso. Akawa anachora kwa kidole kwenye mkeka. Mama Sihaba, ambaye tulidhani amelala, alikuwa amefumbua macho.

"Hadithi nzuri," bibi akasema mwishowe. "Lakini yeye alikuwa mtoto. Nipe tangawizi."

Siku ya tatu ikafika. Mtihani ulikuwa kabla ya chakula. Watu wakakusanyika uwanjani, maana mtihani wa mzee ni jambo la kutazamwa. Walinzi wawili wakasimama kando, vijiti mkononi. Bwana Hadhari akaunyoosha uzi ili unyoya utulie.

Bibi Sikudhani akajifunga kanga vizuri, akasimama kwenye alama. Mimi nilikuwa nimeshika shuka lake la kujifunika, sijui kwa nini. Nililikunja na kulikunjua.

"Ya kwanza," Bwana Hadhari akasema.

"Hodi."

Unyoya ulining'inia kimya.

"Bibi, jitahidi!" mtu akaita. "Toa tumboni!"

"Ya pili."

Akajikaza mpaka mishipa ya shingo ikatoka. Sauti ilitoka nusu, ikafia njiani. Akakohoa. Mama Sihaba alikuwa akiisukuma hewa kwa midomo yake mwenyewe, mashavu yamejaa, kama angeweza kumpulizia kutoka alipokaa. Unyoya haukusogea.

"Ya tatu."

Midomo ikafunguka. Hakukutoka kitu.

Bwana Hadhari akaandika. Nilimwona akifuta, akaandika tena. "Bibi Sikudhani," akasema bila kuinua uso, "baraza linakushukuru kwa miaka hamsini na sita."

Walinzi wakamshika makwapani. Hakupigana. Alikuwa mwepesi, miguu yake ikigusa ardhi na kuachia. Njia ya kwenda kwenye wigo hupita mbele ya mlango. Na kule kwenye ukungu kile kitu kilianza kukwaruza, mara hii kwa kasi, kama kimesikia jina lake. Nilitaka kupiga kelele, nikagundua kwamba neno lililonijia mdomoni ni "hodi". Ndiyo, mimi. Siku tatu tu, na lilikuwa limeshaniingia. Au labda nilikuja nalo.

Bibi akageuza kichwa akautazama ukungu. Uso wake ukawa uso wa mtoto wa miaka sita. Akajipokonya mikononi mwa walinzi. Kanga ikabaki mkononi mwa mmoja. Akakimbia, bibi wa miaka sabini na minne, na gauni la ndani, miguu mitupu yenye vumbi, akapanda ngazi za baraza, akakanyaga mikeka ya watu, akaenda mlangoni moja kwa moja. Hakusimama. Hakugonga. Akasema neno moja kwa ile sauti yake ya majani makavu:

"Baba!"

Nilikuwa nautazama unyoya. Haukutikisika hata kidogo.

Mlango ukafunguka kwa ndani. Aliyekuwa amesimama pale alimdaka kabla hajaanguka. Niliona mikono miwili ikimzunguka mgongoni, na kwenye kiganja lile kovu. Na nyuma yao, ndani zaidi, ile sauti isiyo na haraka ikasema, karibu sana na kicheko, "Huyu amefika. Mleteeni nguo."

Baraza likawa kimya kama watu wanaokula. Kisha zikaanza kelele.

"Hakupiga hodi!"

"Ameingia na vumbi!"

"Mimi nimekesha mwezi mzima, na yeye ameshindwa mtihani!"

Kamati ikaitwa pale pale. Hoja: je, mtu aliyeingia bila hodi, ameingia? Walibishana vikali. Yule mzee aliyeuliza habari ya kugonga akasema kishindo cha miguu yake kwenye mikeka kinaweza kuhesabiwa. Wakamkatalia. Karani akasoma uamuzi: kwa kuwa kanuni inasema mtu huingia kwa hodi, na kwa kuwa Sikudhani hakupiga hodi, basi Sikudhani hajaingia. Wakati anausoma, tulisikia kupitia dirishani sauti iliyokauka ikiuliza kama kuna chumvi.

"Mwangwi," akasema Bwana Hadhari. Lakini alikuwa ameketi, na kalamu imeanguka.

Mlango ulibaki wazi kiasi cha mtu kupita. Nikapanda ngazi. Nilisimama mbele ya kizingiti. Nilitazama miguu yangu: ilikuwa na vumbi la siku tatu. Nikakumbuka mambo yangu, ambayo sitayataja hapa, Mungu anayajua. Kikao cha ukoo nikakikumbuka, na lile swali la shemeji: kwa haki gani? Hodi ilikuwa kooni, imekaa tayari, tamu kabisa, maana ukisema hodi huhitaji kuamini kitu. Unasema, unangoja, na kungoja kunafanana sana na heshima.

Mama Sihaba alinishika kanga kwa nyuma. Macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Unakwenda wapi bila hodi, wewe mwanamke?"

"Mwana alisema tuingie," nikamwambia. "Mimi sina kingine. Twende."

"Naogopa."

"Hata mimi. Shika hiyo hiyo kanga."

Nikainua mguu. Ule mkono ukatoka ukanishika wangu, ulikuwa na joto, na lile neno la kooni nikalitafuta sikulipata. Nilisema lile alilosema Bibi Sikudhani. Kama kanga ilikuwa bado imeshikwa nyuma yangu, sikugeuka kutazama, lakini ilikuwa nzito.

Ndani sitayaeleza. Si kwamba nimekatazwa. Ni kwamba darasa la saba halikunipa maneno hayo.

Ninachoweza kusema ni asubuhi ile nilipojikuta tena kando ya kitanda changu, magoti yamekufa ganzi. Nilitaka kuanza kama kawaida, nimehudhuria, nimefagia. Nikaacha. Na kuna siku lile neno hodi bado linanijia, nisiwafiche. Kuna alfajiri naamka na wigo uko mbele ya macho yangu, nasikia kile kitu kinakwaruza, na koo linaanza lenyewe, ho, ho. Hapo najiambia kwa sauti yule aliyesema tuingie ni nani, na kiganja chake kikoje.

Mchana wa siku ile ile Naetwe alikuja na wanawe wawili. Ni mtu mzima sasa, anainama kupita mlango wa jikoni kwangu. Nilikuwa nimeketi kwenye kigoda nachambua mchele. Hakusema hodi. Aliingia na viatu vyake vya tope, akapita mbele yangu, akafunua sufuria.

"Mama, leo umepika nini?"

Nilikuwa nazitazama nyayo.